Fundi Kadi na Rangi Isiyosikika

Chumba cha mitambo cha kiwanda chetu kina upana wa hatua saba na urefu wa hatua kumi na moja. Nalijua hilo kwa sababu siku yangu ya kwanza kazini, aliyenipokea alinitembeza humo akihesabu kwa sauti, kisha akaniagiza nifumbe macho na kuirudia safari hiyo peke yangu, kutoka mlangoni mpaka kwenye seva. Nilikigonga kiti mara mbili.

"Kiti hicho hakijahamishwa tangu kiletwe," alisema. "Kwa hiyo aliyepotea njia ni wewe, binti."

Huyo ndiye Fundi Kadi. Kiwanda chetu huchapa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya vinundu vidogo yanayosomwa kwa ncha za vidole, kwa ajili ya shule za wanafunzi wasioona. Yeye ndiye msimamizi wa kompyuta zote za kiwanda, naye pia haoni. Alipoteza uwezo wa kuona baada ya homa kali akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, wakati huo akitengeneza redio katika karakana ya baba yake mdogo. Aliendelea kuzitengeneza kwa miaka miwili zaidi, kwa sikio na vidole, akiwa amekaa nyuma ya pazia. Wateja walisifu kazi. Siku pazia lilipoondolewa ili lifuliwe, waliona ni nani aliyekuwa akiifanya, na baadhi yao wakaanza kuzichukua redio zao zikiwa bado mbovu.

Alikuja kiwandani kama mpokea simu. Alikaa mapokezi miaka sita, na katika miaka hiyo aliandika barua saba za kuomba kuhamishiwa chumba cha mitambo. Nakala zake anazo. Saa ya mapumziko, wenzake walipokwenda kula, yeye alisimama kwenye mlango wa chumba hicho akisikiliza. Msimamizi wa zamani alipoacha kazi ghafla na seva ikazima siku ya tatu baadaye, mtu pekee jengoni aliyeweza kusema ni feni ipi iliyokuwa imeacha kuzunguka alikuwa mpokea simu. Hivyo ndivyo alivyoingia, na hadi naanza kazi chini yake alikuwa na miaka kumi na minne humo.

Jina la Kadi lilitokana na kabati lake. Lina droo nne, na ndani yake mna kadi zipatazo elfu moja na mia mbili, alizozikata mwenyewe kutoka kwenye karatasi nzito zinazoharibika wakati wa kuchapa. Kila kadi ina tatizo moja tu lililowahi kuipata mashine yetu yoyote, limeandikwa kwa nukta nundu katika sehemu nne: dalili, sababu, dawa, na amri kamili ya kuandika kwenye kibodi. Tatizo likishatatuliwa na dawa yake ikajaribiwa, hukata pembe ya juu ya kadi kwa mkasi. Kadi yenye pembe nzima ni tatizo ambalo halijapata dawa. Akipitisha kidole gumba juu ya droo, anajua papo hapo ni madeni mangapi anadaiwa na mashine.

Mimi nilitoka chuo cha ufundi na cheti cha matengenezo ya kompyuta, na tabia ya kupanga vitu kwa mstari. Nilimkuta akitumia skripti yake ya zamani, yaani amri kadhaa zilizoandikwa mfululizo katika faili moja ili mashine izitekeleze zenyewe. Aliiita Kagua. Kila siku saa moja na nusu asubuhi, nusu saa kabla sijafika, aliiendesha na kuisikiliza kupitia programu inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti. Programu hiyo husema upesi mno kiasi kwamba wageni hudhani imeharibika. Yeye huiita Bwana Haraka.

Skripti ya Kagua ilikuwa na maneno mengi, na mpangilio wake ulinikera. Nikaomba ruhusa ya kuiandika upya.

"Iandike," alisema. "Lakini usiniongezee hotuba, Bwana Haraka anachoka."

Niliiandika kwa siku mbili. Nilitengeneza jedwali safi, kila kipengele katika mstari wake, na mwisho wa kila mstari neno moja: tayari. Nilimsomea matokeo ya jaribio la kwanza, naye akaiendesha mwenyewe, akasikiliza: "Seva, tayari. Printa, tayari. Nakala za akiba, tayari." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndiyo lugha ya watu wenye kazi," alisema. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikumwonyesha mtu.

Siku ya ishirini na tatu baada ya hapo, Jumanne, diski kuu ya seva ilikufa.

Aliisikia kabla skrini haijasema lolote. Alinyanyua kidole kunitaka ninyamaze, ingawa nilikuwa kimya, akasema, "Inakwaruza. Kama ukucha kwenye bati. Zima." Nilizima, lakini ilikuwa imekwisha. Kwenye diski hiyo kulikuwa na kitabu cha mwili wa binadamu cha kidato cha pili, kurasa mia tatu na arobaini za nukta nundu, kazi ya miezi mitano ya kugeuza kila maelezo na kila mchoro kuwa kitu cha kugusika. Shule kumi na moja zilikuwa zikikisubiri. Wachapaji walihitaji kuanza Ijumaa ili kiwafikie wanafunzi kabla ya muhula.

"Si neno," alisema Fundi. "Tuna nakala za akiba."

Tukafungua diski ya akiba. Vitabu vya zamani vilikuwemo. Folda ya kitabu cha mwili wa binadamu haikuwemo. Sababu tuliipata ndani ya dakika kumi: mkusanyiko wetu ulikuwa umekua kupita uwezo wa diski ile. Kila jioni mashine ilifuta nakala ya jana, ikaanza kuandika mpya, ikajaza diski na kukwama kabla ya kuifikia folda ya mwisho, nayo ilikuwa ya kitabu hicho. Ilikuwa ikikwama hivyo kwa wiki tatu.

Meneja aliingia tukiwa bado tumeinama. Ni mwanamke wa maneno machache, asiyependa kelele wala visingizio.

"Fundi, ulikuwa unakagua?"

"Kila asubuhi, Mama. Saa moja na nusu."

"Na mashine ilikwambia nini?"

"Iliniambia tayari."

Meneja aliutazama ukurasa wa Kagua uliokuwa wazi kwenye kompyuta ya pili. "Hapa pana mstari mwekundu. Mkubwa tu. Nakala za akiba, mwekundu kabisa. Mtu yeyote angeuona."

Aligeuka kutoka kwenye skrini.

"Sikulaumu kwa ubaya, Fundi. Najua ulivyojitolea. Lakini nina bodi ya kuijibu, na siwezi kuiambia kwamba onyo lilikuwepo kwa wiki tatu na msimamizi hakuliona. Ijumaa saa sita mchana nataka faili kamili la kitabu mikononi mwa wachapaji. Lisipokuwepo, utarudi mapokezi, na chumba hiki atakishika huyu binti. Barua nitaiandaa leo, ili tusije tukaambiana kwamba hatukuelewana."

Alipotoka, feni za mashine zilisikika kuliko kawaida. Fundi Kadi alikaa kwenye kiti chake kisichohama, mikono juu ya magoti.

"Mstari mwekundu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Fundi."

"Skripti yetu ina rangi tangu lini?"

"Tangu nilipoiandika upya." Niliendelea, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kulipunguza kosa. "Neno tayari linamaanisha kwamba mashine imemaliza kukagua. Matokeo yenyewe niliyaweka kwenye rangi. Kijani ni salama. Nyekundu ni hitilafu."

"Na maneno?"

"Maneno ni yale yale."

"Bwana Haraka hasomi rangi."

"Hasomi, Fundi. Sikufikiria. Siku ya jaribio yote yalikuwa kijani."

"Kwa hiyo kwa siku ishirini na tatu," alisema, "umekuwa ukinipungia bendera kutoka ng'ambo ya barabara."

Nikasimama. "Nakwenda kumwambia Meneja sasa hivi."

"Keti. Ukienda sasa atakuwa na watu wawili wa kuwakasirikia, na kitabu bado hana. Kosa lako haliendi popote, tutalikuta hapo hapo Ijumaa. Ijumaa nakuachia wewe. Kuanzia sasa mpaka Alhamisi ni kwa kitabu." Alinyanyuka, akahesabu hatua nne mpaka kwenye kabati. "Mapokezi sirudi. Miaka sita nilisema 'tafadhali subiri kidogo' mpaka nikawa nalisema usingizini. Mke wangu shahidi."

Alipitisha kidole kwenye droo ya pili, akarudi nyuma, akachomoa kadi iliyokwisha kulainika kwa kushikwa. Akaisoma kwa kidole cha shahada, midomo ikitikisika.

"Karatasi ikikwama," alisema. "Miaka tisa iliyopita. Printa ya nukta nundu ilikuwa ikikwama karatasi kila mvua ikinyesha, na kila ikikwama tunatuma kazi upya. Nikachoka. Nikaandika skripti ndogo kwenye ile kompyuta ndogo iliyofungwa ubavuni mwa printa, ihifadhi kila ukurasa unaotumwa, ili ukikwama iutume yenyewe bila kuniuliza. Sikuwahi kuiambia ifute."

"Kwa hiyo kila ukurasa uliowahi kuchapwa kwa ajili ya Shangazi…"

"Upo pale. Labda."

Shangazi ni msahihishaji wetu. Hana undugu na yeyote kiwandani, lakini hakuna anayethubutu kumwita vinginevyo. Naye haoni tangu utotoni, husoma kwa mikono miwili kwa kasi ya mtu anayechambua mchele, na kila ukurasa wa kitabu chochote huchapwa kwanza kwa ajili yake. Makosa anayoyapata huyaandika kwenye vipande vya karatasi na kuvitunga kwenye uzi.

Tulimkuta chumbani kwake, karibu na printa. Fundi alimweleza hali yote, isipokuwa jambo la rangi.

"Nimesikia," Shangazi alisema. "Meneja ana viatu vinavyosema kabla yake. Kwa hiyo unataka kurudi mapokezi, Kadi? Sauti yako ilikuwa nzuri kwenye simu. Watu walikuwa wanakosea namba makusudi."

"Nataka vipande vyako vya masahihisho."

"Vyote?"

"Vyote vya kitabu hiki."

"Viko kwenye uzi, kwa mpangilio wangu mwenyewe. Ukivichanganya nitakutafuta hata huko mapokezi."

Jumanne hiyo hiyo tuliifungua kompyuta ndogo. Ilikuwa na faili zaidi ya elfu kumi na saba, kila moja ukurasa mmoja, bila majina, kila moja ikiwa na namba ya kazi na saa iliyotumwa. Humo kulikuwa na vitabu vya miaka tisa. Fundi alikaa kwenye kibodi, mimi pembeni na daftari, akaanza kuandika skripti ya kuchambua: chukua zile zenye kichwa cha kitabu hiki, zipange kwa namba ya ukurasa, na ukurasa uliochapwa zaidi ya mara moja uchukue ule wa karibuni zaidi kwa saa. Kila alipomaliza mstari, alimwachia Bwana Haraka amsomee, kisha akautamka yeye mwenyewe polepole ili niuandike. Kufika saa kumi na moja jioni tulikuwa na faili moja ndefu. Ilikuwa na kurasa mia tatu thelathini na sita. Nne hazikuonekana. Nilidhani tumeshinda.

Jumatano asubuhi tulimchapia Shangazi sura tatu za majaribio. Alisoma ya kwanza bila neno. Katikati ya ya pili aliacha, akarudi nyuma, akasoma tena, mabega yakaanza kutikisika.

"Kadi, njoo uweke mkono hapa."

Fundi aliweka.

"Soma."

Alisoma. "Ini linapatikana… upande wa kushoto wa kifua, kati ya mapafu mawili."

"Hongera. Umeumba binadamu mpya. Huyu sijui atakunywa dawa gani." Kisha akaacha kucheka. "Hili kosa nililisahihisha miezi mitatu iliyopita. Aliyechapa alirukaruka mistari. Waliniletea ukurasa safi baadaye, na safi ndio niliopitisha. Wewe umenipa mbovu."

Tulirudi chumba cha mitambo. Fundi alitembea hatua zake bila kuzihesabu kwa sauti, na hiyo ni dalili mbaya.

"Mashine imechukua ukurasa wa zamani ikidhani ni wa karibuni," alisema. "Kwa hiyo saa ndiyo mwongo. Nisomee saa za kurasa hizo mbili."

Nilimsomea. Ukurasa safi, uliochapwa baadaye, ulikuwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, kabla kompyuta yenyewe haijanunuliwa.

Alikwenda kwenye kabati. Safari hii alitafuta muda mrefu, droo ya kwanza, kisha ya tatu. Alichomoa kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa imekatwa pembe. Alinisomea: kompyuta ndogo haina betri ya kutunza saa, umeme ukikatika, saa yake huanza upya kutoka mwanzo mpaka mtu aiweke sawa.

"Na umeme wetu hukatika," nilisema.

"Kama desturi. Dawa iko hapa: fuata namba ya kazi, usifuate saa. Namba huongezeka moja moja, umeme uwepo usiwepo."

"Basi tumepata."

"Ngoja. Hii ya pili." Aliipapasa pembe ya juu ya kadi ya pili. Ilikuwa nzima. "Mwezi wa tatu mwaka huu. Printa ilipelekwa matengenezo. Iliporudi, hesabu ya kazi ilianza tena kutoka moja. Niliandika dalili, sikuandika dawa. Nilisema nitalirudia." Alitabasamu kidogo, kwa mdomo tu. "Unaona? Wewe una bendera, mimi nina kadi yenye pembe nzima. Sisi sote ni mafundi wa kesho."

Sura za mwanzo za kitabu zilichapwa kabla ya mwezi wa tatu, nyingine baada yake. Namba ndogo ingeweza kuwa ya zamani sana au ya juzi. Fundi akaniuliza kama mwaka huu tulibadilisha kitu chochote kingine wakati printa iliporudi. Nilipekua daftari langu, ambamo huandika kila kitu hata yale yasiyo na faida. Nilipata mstari mmoja: printa imerudi, upana wa ukurasa umepunguzwa kutoka herufi arobaini na mbili hadi arobaini, kwa agizo la Meneja.

"Soma tena."

Nilisoma tena.

"Kwa hiyo ukurasa wowote wenye mstari wa herufi arobaini na moja au arobaini na mbili ni wa kabla," alisema, akiwa tayari amegeukia kibodi. "Na usio nao ni wa baada. Hesabu mbili, vikapu viwili. Kila kikapu kifuate namba yake. Ukurasa ukiwa kwenye vikapu vyote viwili, wa kikapu cha pili ndio unaoshinda. Andika, binti, usiniache."

Aliandika, nami niliandika. Kulikuwa na kosa moja katika mstari wa tisa, nililigundua mimi. Lingine katika wa kumi na tano alilisikia yeye, kwa sababu Bwana Haraka alipumua mahali pasipostahili. Saa nane mchana tulimchapia Shangazi sura ile ile. Alisoma, na ini likawa mahali pake.

"Karibu tena duniani," aliuambia ukurasa.

Mke wa Fundi alipiga simu wakati wa mapumziko, kama afanyavyo kila siku. Nilimsikia akisema, "Diski imekufa. Mimi mzima. Hapana, leo siwezi kuongea sana, nina binadamu mezani." Hakumwambia juu ya barua.

Alhamisi yote ilikuwa ya masahihisho. Shangazi aliketi kati yetu na uzi wake, akisoma kipande kimoja kimoja: ukurasa, mstari, lililopo, linalotakiwa. Mimi niliandika, Fundi alisikiliza kila badiliko na kulithibitisha. Vilikuwa vipande mia nne na kumi na tisa. Kufika mia mbili, vidole vya Shangazi vilianza kuuma naye akavichovya kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, akaendelea na mkono mmoja. Hakuna aliyependekeza tupumzike.

Zikabaki zile kurasa nne. Fundi alishangaa kwa nini skripti haikuzihifadhi. Pengo katika namba za kazi lilionyesha kwamba zote nne zilitumwa kwenye printa asubuhi moja, wakati kompyuta ndogo ilipokuwa imezimwa.

"Nani anaweza kuichomoa?" aliuliza. "Iko nyuma ya kiti cha…"

"Nilikuwa nachaji simu," Shangazi alisema.

Fundi aligeuza uso kuelekea kwenye sauti yake.

"Mara moja tu. Usiandike kwenye kadi."

"Nitaiandika, Shangazi. Nitaikata na pembe."

Kurasa hizo nne tulizigeuza upya kutoka kwenye kitabu cha wino, kile cha wanaoona, mimi nikisoma, Fundi akiandika, Shangazi akipitia. Zilihusu sikio. Tulimaliza saa kumi na moja na robo jioni, watu wa zamu wakifunga madirisha.

Ijumaa saa tano kamili faili lilikuwa kwa wachapaji, na nakala tatu za akiba katika diski tatu tofauti. Saa tano na nusu Meneja alikuja na bahasha mkononi.

"Wameniambia kitabu kimepatikana," alisema. "Nashukuru, Fundi. Kwa kweli nashukuru. Lakini nimefikiri sana juu ya barua hii. Wiki ijayo mstari mwingine ukigeuka mwekundu, nani atauona?"

Ijumaa ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandaa jambo hili tangu alfajiri, kwa sababu kusema kwa urefu kunanishinda.

"Mama, naomba ukae kwenye kiti hiki," nilisema, "na uvae hedifoni."

Alishangaa, lakini aliketi. Nilifunika skrini kwa kitambaa cha vumbi. Niliendesha Kagua mara ya kwanza, diski zote zikiwa salama. Kisha niliitoa diski ya akiba, nikaiendesha mara ya pili. Alisikiliza zote mbili, uso umekunjamana kwa sababu ya kasi ya Bwana Haraka.

"Ni ipi iliyokuwa na hitilafu?" niliuliza.

"Zinafanana."

"Rudia, ukipenda."

Alizirudia. Mara ya tatu alivua hedifoni na kuziweka mezani taratibu. "Zinafanana kabisa. Zote zinasema tayari."

"Hicho ndicho Fundi alichosikia kwa siku ishirini na tatu. Skripti hii niliiandika mimi. Onyo nililiweka kwenye rangi, nikijua anayeisikiliza ni nani. Ile yake ya zamani ilitamka hitilafu kwa maneno. Niliiondoa kwa sababu haikunipendeza macho."

Meneja alinitazama, kisha akamtazama Fundi Kadi. "Ulijua?"

"Tangu Jumanne, Mama."

"Na hukusema."

"Kulikuwa na kitabu."

Aliigeuza bahasha mapajani. "Kwa hiyo barua hii nimpelekee nani? Nani aende mapokezi?"

"Nitakwenda mimi, Mama, ukiamua hivyo," nilisema.

"Usimpeleke," Fundi alisema upesi. "Watu watapiga simu wakadhani imekatika. Huyu tangu Januari nimemsikia akisema maneno marefu leo tu."

Meneja hakucheka, lakini aliikunja bahasha mara mbili na kuitia mfukoni. Aliamua mambo mawili, akayasema akiwa amesimama. Fundi Kadi anabaki. Mimi napewa onyo la maandishi katika jalada langu, na kwa miezi sita hakuna skripti yangu itakayowekwa kazini kabla Fundi hajaisikiliza ikiwa salama na ikiwa mbovu, zote mbili, skrini ikiwa imefunikwa. Niliona ni haki, nikasema hivyo. Alipotoka tulivisikiliza viatu vyake mpaka mwisho wa ukumbi.

Mchana ule nilimwomba Fundi kibao chake cha chuma na kalamu ya kutobolea. Nukta nundu kwa mkono huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyumenyume, ili karatasi ikigeuzwa isomeke sawa. Kadi moja ilinichukua saa nzima. Dalili: skripti inasema tayari kumbe kuna hitilafu. Sababu: matokeo yamewekwa kwenye rangi. Dawa: kila matokeo yatamkwe kwa maneno. Kisha amri yenyewe.

Aliisoma kwa kidole cha shahada, polepole kuliko anavyosoma za kwake.

"Mstari wa tatu umezama kidogo," alisema. "Bonyeza kwa nguvu zaidi, si mtihani. Umeijaribu dawa?"

"Bado."

"Basi pembe haikatwi."

Niliichomoa diski ya akiba, nikaendesha Kagua niliyokuwa nimeisahihisha. Bwana Haraka alianza mbio zake, seva ni salama, printa ni salama, kisha akasema bila kupunguza mwendo: nakala za akiba hazikuhifadhiwa, diski haipo. Fundi aliniomba niirudie. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo ya meza, akanipa mkasi.

Nilikata. Yeye alikuwa ameshaichukua ile kadi nyingine, ya mwezi wa tatu, iliyokuwa na pembe nzima, na alikuwa akitafuta kibao chake ili aiandikie dawa.